Mpasuaji wa Jicho Moja na Mataya ya Watoto Wetu

Mtoto wa miaka sita anayemwonyesha mwalimu wake jino linalotikisika huwa anajigamba, wala hana habari ya ugonjwa. Nilifundisha madarasa ya chini hapa Kosele kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na sina hesabu ya meno ya utotoni niliyoletewa asubuhi, yakiwa yamefungwa katika kipande cha karatasi ya daftari. Ndiyo maana mwaka 1987, mvulana mmoja wa darasa la kwanza aliponiambia kwamba meno yake yanacheza, nilicheka naye na kumrudisha kwenye dawati lake. Sikumwomba afungue kinywa. Lau ningalimwomba, ningaliona kwamba yaliyokuwa yakicheza hayakuwa meno ya mbele bali magego, ya juu na ya chini, upande mmoja.

Haukupita muda mrefu shavu likafura. Wazazi wake walimpeleka mahali ambapo gego moja liling'olewa, akarudi shuleni. Likang'olewa la pili, akarudi tena. Uvimbe haukupungua. Alipofikishwa katika hospitali kubwa, jicho la upande ule lilikuwa limesukumwa nje na tumbo limejaa. Hakurejea darasani. Siku ya maziko yake, mwuguzi mmoja wa ukoo wao alinitajia jina la maradhi yaliyomwondoa: limfoma ya Burkitt. Mimi, mwalimu mzima mwenye cheti, nilidhani Burkitt ni jina la mahali.

Kumbe ni jina la mtu, na tangu siku ile nimekuwa nikimfuata mtu huyu katika kila kitabu na kila gazeti nililoweza kulipata. Ningependa leo kuwasimulia walimu wenzangu pamoja na wanafunzi wao habari zake, maadam sijawahi kumwona katika kitabu chochote cha darasani, ilhali kazi yake aliifanya katika nchi hizi hizi zinazolizunguka ziwa letu.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 karibu na mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja wa jimbo lao. Lakini saa zake za mapumziko alizitumia kwa jambo ambalo majirani yamkini waliliona kuwa la kipuuzi. Aliwanasa ndege wadogo wenye kifua chekundu waliotua bustanini, akawavisha pete miguuni ili amtambue kila mmoja, kisha akachora ramani ya milki zao: huyu anatawala kuanzia ua huu hadi mti ule, na yule anaanzia hapo. Wataalamu wa ndege wanamheshimu hadi leo kwa kazi hiyo. Msomaji aikumbuke ramani ile ya bustanini, kwani mwanawe atakuja kuchora nyingine, na hiyo haitakuwa ya ndege.

Denis alipokuwa na umri wa miaka 11, ugomvi wa wavulana ulizuka njiani, jiwe likarushwa, naye akapoteza jicho la kulia. Mwaka 1929 aliingia chuo cha Trinity mjini Dublin ili asome uhandisi kama baba yake. Hakung'ara. Si muda mrefu akahamia udaktari, akahitimu mwaka 1935, na mwaka 1938 akafuzu upasuaji mjini Edinburgh. Alikuwa mtu wa dini sana, na aliamini kwamba ameitwa kufanya kazi ng'ambo. Aliomba nafasi ya udaktari katika makoloni ya Afrika, akakataliwa kwa sababu ya jicho lile. Serikali ya kikoloni haikutaka mpasuaji wa jicho moja. Vita vikuu vya pili vilipopamba moto, jeshi halikuwa na anasa ya kuchagua; likampokea mwaka 1941, na ni jeshi hilo hilo lililomleta Afrika Mashariki. Vita vilipokwisha, wale waliomkataa wakamkubali, na mwaka 1946 akapelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda.

Lira ni mji wa Walango. Lugha yao ni ndugu ya Kijaluo, hata mtu aliyezaliwa hapa Kosele akifika kule hahitaji mkalimani ili aombewe maji. Burkitt alipewa hospitali ndogo na eneo kubwa mno kwa daktari mmoja. Huko alianza tabia ambayo kwa maoni yangu ndiyo siri ya maisha yake yote: alimwuliza kila mgonjwa anatoka wapi, kisha akaandika jibu. Wanaume wengi walimjia na mabusha. Hatimaye aligundua kuwa walitoka zaidi upande wa mashariki wa wilaya, na kwamba wa magharibi walikuwa wachache mno. Mgonjwa ni yuleyule, kisu ni kilekile, ila mahali panatofautiana. Daktari mwingine angalipasua na kunyamaza. Yeye aliandika makala, ikatoka mwaka 1951.

Wakati huo alikuwa amekwisha kuhamishiwa hospitali ya Mulago mjini Kampala, ambako pia aliwafundisha wanafunzi wa udaktari wa Makerere. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amtazame mtoto mmoja. Alikuwa mvulana wa miaka mitano hivi, mwenye uvimbe katika pembe zote nne za mataya: kulia na kushoto, juu na chini. Uso ulikuwa umepinda, meno yamelegea, yanaelea kama vigingi katika tope. Burkitt alishangaa. Maambukizo ya mfupa hayashiki pembe nne kwa pamoja, na saratani haikujulikana kuwa na tabia hiyo. Alimpiga picha, akakiri kuwa hajui.

Majuma machache baadaye alikwenda Jinja kuzuru hospitali ya huko. Akiwa karibu na dirisha aliona nje mtoto wa kike ameketi na mama yake, na uso wa mtoto yule ulikuwa na uvimbe ule ule. Akatoka mbio kumtazama. Safari hii alipapasa na tumbo, akakuta uvimbe humo pia. Mtoto mmoja ni ajabu. Watoto wawili ni ugonjwa. Aliporudi Mulago alifungua mafaili ya watoto waliokufa kwa saratani na kukuta kile ambacho kilikuwa kimelala kabatini miaka yote: uvimbe wa taya uliandamana na uvimbe wa figo, wa ini, wa ovari, na pengine ulibana uti wa mgongo, mtoto akapooza miguu.

Hapa sharti nisimame kidogo. Watoto hawa hawakuanza kuugua mwaka 1957. Albert Cook, mmisionari aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, alikwisha kuandika habari za uvimbe kama huo katika daftari zake. Madaktari wengine wa Afrika waliuona pia. Lakini kila mmoja aliuona wa kwake. Aliyeukuta katika jicho aliupa jina la saratani ya jicho, aliyeukuta katika figo akauita wa figo, na aliyeuona katika taya akamwachia daktari wa meno. Ni kama wale vipofu wa hadithi waliompapasa tembo, ila hawa walikuwa na macho mawili mawili. Alihitajika mwenye moja.

Makala yake ya kwanza juu ya maradhi hayo ilitoka mwaka 1958 katika jarida la wapasuaji wa Uingereza. Ilipokewa kwa kimya. Wataalamu wa maabara wa Kampala, J.N.P. Davies na Greg O'Conor, ndio waliotambua baadaye kwamba uvimbe wote huo, popote ulipojitokeza mwilini, ni kitu kimoja: limfoma, yaani saratani ya chembe za kinga ya mwili. Jambo hili husahauliwa. Burkitt hakuwa mtu wa darubini, naye hakudai kuwa ndiye.

Yeye alirudia swali lake la Lira: unatoka wapi? Alichapisha vikaratasi vyenye picha za watoto wenye uvimbe ule, akavituma kwa posta katika hospitali za serikali na za misheni barani, akiwauliza waganga wa huko kama wamewahi kuona kitu kama hiki. Majibu yalipofika alichomeka pini katika ramani ukutani. Pini zikaongezeka, na ukaonekana mkanda mpana unaopita katikati ya Afrika, ukishuka kwa upande wa mashariki hadi Msumbiji. Hata ndani ya mkanda huo palikuwa na matundu yasiyo na pini. Kwa nini?

Ili ajibu swali hilo aliamua kwenda kuuona mwisho wa mkanda kwa jicho lake. Tarehe 7 Oktoba 1961 aliondoka Kampala pamoja na madaktari wawili wamisionari, Ted Williams na Cliff Nelson, katika gari aina ya Ford la mwaka 1954 lililonunuliwa kwa pauni 250. Williams alikuwa hodari wa kutengeneza magari, jambo ambalo katika safari ile lilikuwa na thamani kuliko shahada. Walisafiri kwa majuma kumi, maili 10,000, wakazuru hospitali zaidi ya 50, wakipita Kenya na Tanganyika hadi kusini mwa bara. Kila walipofika walitoa picha, wakauliza swali lile lile, wakaandika. Utafiti wote wa ramani uligharimu pesa ambazo leo zisingetosha kuandaa warsha ya siku mbili katika hoteli ya kitalii. Nasema hivi kwa uchungu kidogo, kwa kuwa nimehudhuria warsha kadhaa.

Waliporejea, ramani ilianza kusema. Karibu na ikweta, ugonjwa haukupatikana katika nchi iliyoinuka zaidi ya mita 1,500 hivi. Kadiri walivyokwenda kusini, mpaka huo ulishuka, hata kule chini kabisa maradhi yakabaki katika nyanda za pwani tu. Aliyewafumbulia fumbo hilo alikuwa Alexander Haddow, mkuu wa taasisi ya utafiti wa virusi huko Entebbe, aliyewahi kuchunguza mbu katika nyumba za wakazi wa Kisumu. Huu si mpaka wa mwinuko, alieleza. Ni mpaka wa joto. Mahali penye baridi sana hapana uvimbe, na mahali pakavu mno vilevile hapana. Joto na mvua: mtu yeyote aliyelala bila chandarua kando ya ziwa letu anajua ni nani apendaye vitu hivyo viwili.

Mimi husimama mara kwa mara nyuma ya soko la Kosele na kutazama upande wa vilima vya Gusii. Mji wa Kisii umeinuka kupita ule mpaka wa mita 1,500. Sisi tuko chini, katika joto la kuelekea ziwani. Watu wa pande hizi mbili tunauziana ndizi na samaki, tunaoana, tunapanda matatu zile zile. Hata hivyo mpaka alioufuata yule mtu kwa gari bovu umepita hapa katikati yetu, na mwanafunzi wangu alizaliwa upande wa chini.

Burkitt alikisia kwamba mbu hubeba virusi vya saratani hii. Alikosea, lakini alikosea karibu na ukweli. Mnamo Machi 1961, kabla ya safari ile, alikuwa ametoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex mjini London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo mtafiti kijana, Anthony Epstein, aliyekuwa akivisaka virusi vya saratani. Wawili hao walipatana: vipande vya uvimbe vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Kwa muda mrefu hapakuonekana kitu. Desemba 1963 ukungu uliizuia ndege kutua London, ikatua Manchester, na kifurushi kilipomfikia Epstein maji yake yalikuwa yamechafuka kama yaliyooza. Karibu kitupwe. Alipoyatia chini ya darubini aliona kwamba hayakuoza. Chembe za saratani zilikuwa hai, zinaelea. Kutokana na chembe hizo zilikuzwa nyingine, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza virusi vipya vilivyomo ndani yake. Ndivyo virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Virusi hivyo haviletwi na mbu. Huenezwa kwa mate, na karibu kila mtoto wa kwetu huvipata akiwa bado mchanga bila kuugua. Kinacholetwa na mbu ni malaria, na pale ambapo malaria humrudia mtoto mwaka mzima bila likizo, kinga yake huchoshwa na chembe zile zilizobeba virusi hupata nafasi ya kuharibika. Wawili hao, virusi na malaria, kila mmoja peke yake haleti saratani hii kwa wingi namna ile; wakikutana katika mwili wa mtoto ndipo balaa huzuka. Ile ramani ya pini ilikuwa ramani ya malaria.

Wakati wataalamu wakizozana juu ya chanzo, watoto walikuwa wodini. Burkitt, mpasuaji, alitambua mapema kwamba kisu hakifai: ukikata upande huu, uvimbe huota upande ule. Uganda haikuwa na mashine za mionzi. Hapo ndipo ufukara ulipogeuka njia. Mwaka 1960 daktari Mmarekani, Joseph Burchenal, alifika Kampala, na kupitia kwa watu kama yeye zikapatikana dawa za saratani ambazo huko kwao zilikuwa bado zinajaribiwa. Baadhi ya watoto walipewa dozi moja au mbili tu, kisha wazazi wakawachukua kurudi kijijini kabla ya tiba kwisha. Burkitt aliwafuatilia kwa barua na kwa miguu. Aliwakuta baadhi yao wanacheza uani, mataya yamerudi mahali pake. Watoto wale, waliotoroshwa hospitali, walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza duniani kuponywa saratani kwa dawa pekee. Majina yao hayamo katika vitabu, na jina la ugonjwa walioubeba ni la daktari wao. Simlaumu, si yeye aliyejipa. Lakini nafsi yangu hainipi raha nikifikiria kwamba mama mmoja aliyeketi nje ya dirisha huko Jinja alichangia elimu ya dunia kuliko maprofesa wengi, wala hatujui hata kijiji chake.

Mwaka 1966 Burkitt alirudi Uingereza. Mwaka uliofuata kituo cha kutibu limfoma kilianzishwa Mulago, ndicho kilichokuja kuwa taasisi ya saratani ya Uganda, na baadaye kikaongozwa na Mganda, Charles Olweny. Burkitt mwenyewe aligeukia chakula, akautangazia ulimwengu kwamba Wazungu wanaugua kwa kula unga uliokobolewa mno na kwamba mkulima wa Afrika, mwenye ugali wa unga wa kusaga na mboga zake, anawashinda kwa tumbo. Alivuma kwa hilo kuliko kwa mataya. Nadhani alitia chumvi mahali pengine, maana si kila ugonjwa wa Ulaya uliletwa na mkate mweupe; hata hivyo nikiwaona vijana wetu wakikataa mtama, humkumbuka. Alifariki tarehe 23 Machi 1993 nchini Uingereza, akiwa na umri wa miaka 82.

Sasa nirudi kwenye meno, kwani ndiyo yaliyonileta. Saratani hii hushambulia zaidi watoto wa kati ya miaka mitatu na kumi, na kilele chake ni umri ule ule wa kuanza shule. Huanza katika mfupa unaolishika jino. Kwa hiyo jino hulegea kabla uso haujavimba. Wazazi na walimu hawashtuki, kwa kuwa mtoto wa miaka sita ametarajiwa kulegea meno. Sisi Wajaluo tumezidi, maana wazee wetu waling'oa meno sita ya chini ya kijana kwa hiari yao, na jino kutoka kinywani halikuwa msiba. Lakini meno yanayotoka katika umri wa miaka sita ni ya mbele. Magego ya utotoni hukaa hadi miaka tisa, kumi au hata kumi na miwili. Gego linalocheza katika kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza halina udhuru. Mtoto huyo asipelekwe kung'olewa tu. Apelekwe hospitali yenye uwezo wa kuchukua kipande cha nyama na kukipima, na apelekwe juma hilo hilo, kwa sababu chembe za maradhi haya zaweza kuongezeka maradufu kwa muda wa siku moja au mbili. Hakuna uvimbe wa binadamu unaokua kwa kasi kama huu. Wala hakuna saratani nyingi zinazosalimu amri mbele ya dawa kama hii: katika nchi tajiri watoto tisa kati ya kumi hupona. Kwetu wanaopona ni wachache kuliko hao kwa mbali, na sababu mojawapo kubwa ni kwamba hufika wamechelewa, kama alivyochelewa wangu, au huacha tiba katikati kwa kukosa nauli.

Sifundishi tena. Ila wajukuu wangu hunijia na meno yao kama walivyokuja wale wa zamani, wakitarajia nicheke. Nacheka nao. Kisha humwambia kila mmoja aje mlangoni penye mwanga, afungue kinywa, nami hutia kidole na kuyagusa magego moja moja, juu na chini, pande zote mbili, huku yeye akilalamika kwamba babu ana kidole kichungu cha tumbaku.